Vidole Viwili Mgongoni

Mama Kurasa alianguka siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, ndani ya kanisa, akiwa na tambara la kupigia deki mkononi. Sakafu ya mbao aliyoisugua kwa miaka thelathini na tisa ndiyo iliyomwangusha, maji yakiwa hayajakauka. Wenzake wa zamu ya usafi walipomkimbilia walimkuta amekaa chini, mguu umepinda upande usiokuwa wake, na swali lake la kwanza halikuhusu mguu.

"Leo Ijumaa, siyo?"

"Ijumaa, mama. Usijitikise."

"Ijumaa," akarudia, akafumba macho. Wenzake wakadhani ni maumivu. Kumbe alikuwa anahesabu siku zilizobaki kufika Jumapili, na hazikuwa nyingi.

Hospitalini walimpiga picha, wakamfunga plasta ngumu kuanzia juu ya goti mpaka unyayoni, wakamrudisha nyumbani na maagizo mafupi: wiki sita kitandani, asikanyage. Daktari alikuwa mpole na mwenye haraka zake. Mume wa Mama Kurasa alikuwa amesimama pembeni ameshika kofia kifuani, akiitikia kwa kichwa kila daktari alipofungua mdomo. Mkewe alimtazama, akajua kwamba hakuna hata neno moja lililomfikia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya nyumba yao. Mwalimu, mpiga kinanda wa kanisa, mtu aliyeifundisha kwaya ile tangu baadhi ya waimbaji wake hawajazaliwa, alikuwa hasikii. Si kusikia kwa taabu, wala kusikia ukiinua sauti. Sikio la kushoto lilizima kwanza, la kulia likafuata, na huo ulikuwa mwaka wa nne.

*

Watu walimwita Mama Kurasa kwa sababu kazi yake kanisani, kadiri walivyoiona, ilikuwa kumfungulia mumewe kurasa za kitabu cha nota. Kila Jumapili alikaa kwenye kigoda kando ya kinanda, mkono wa kushoto kitabuni, wa kulia mgongoni kwa mumewe. Wachumba waliojiandaa kufunga ndoa walionyeshwa mfano: tazameni wale, chanda na pete, mpaka uzeeni hawaachani. Yeye alizisikia sifa hizo na kuinamisha kichwa kwa haya. Nyimbo zote Mwalimu alizijua kwa moyo tangu hajaota mvi, kitabu kilikuwa cha kuzugia tu. Kazi ilikuwa kwenye ule mkono wa kulia.

Kidole kimoja katikati ya mabega: anza. Kiganja kizima kikisugua polepole: watu wanakokota, wangoje. Vidole viwili vikibonyeza: huu ni ubeti wa mwisho, malizia.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha kukanyaga, cha mbao nzito, kimeegemezwa ukutani, kwa hiyo mpigaji aliwapa watu mgongo. Sauti ya kinanda Mwalimu aliipata kwa nyayo na magoti, ikipanda kwenye mbao mpaka kifuani, na hiyo ilimtosha kujua kwamba vidole vyake havijapotea njia. Aliowapoteza ni watu. Nyuma yake watu mia mbili waliimba kwa nguvu zote, na kwake kulikuwa kimya.

Mama Kurasa aliikumbuka siku aliyojua. Ilikuwa mchana, mvua kubwa inapiga mabati kiasi kwamba hata kuongea ilibidi mtu apige kelele, na Mwalimu amekaa mezani anasoma gazeti. Baada ya saa nzima aliinua macho, akaona nguo zinalowa kwenye kamba, akasema kwa utulivu kabisa, "Kumbe kunanyesha." Mkewe akacheka, akidhani ni utani. Mwalimu hakucheka, akalikunja gazeti taratibu, akamwomba aape.

"Usimwambie mtu. Wakijua watanipumzisha."

"Mwalimu, kanisani tena? Tuwadanganye watu wa Mungu?"

Alimwambia hivyo kwa kumwandikia pembeni mwa gazeti, maana siku hizo mumewe alikuwa bado hajajifunza kusoma midomo. Mwalimu alisoma.

"Mahubiri siyasikii," akasema. "Maombi siyasikii. Mchungaji akiomba nafumba macho kwa sababu wenzangu wamefumba. Kinanda ndiyo sala niliyobaki nayo, mke wangu. Wakiniondoa pale nitakuwa naingia kanisani kukaa tu, kama benchi."

Basi akaapa. Kutoka siku hiyo, watu waliomsalimia Mwalimu njiani bila kujibiwa waliambiwa ana mawazo mengi. Waliomwuliza jambo likajibiwa jingine waliambiwa kichwa kinamsumbua. Mwaka wa kwanza Mama Kurasa aliomba masikio yafunguke, aliomba kwa machozi na kwa kufunga. Mwaka wa pili aliomba bila machozi. Kufikia wa nne alikuwa ameacha masikio, anaomba wasijulikane tu, na sala hiyo aliisema harakaharaka huku anafagia, maana aliona haya kumwomba Mungu amsaidie kudanganya.

*

Jumamosi asubuhi walijitayarisha. Mwalimu aliisogeza meza ndogo hadi kitandani, akamletea mkewe chai na orodha ya nyimbo za kesho, ambayo Mchungaji alikuwa akiwaletea kila wiki. Nyimbo zilikuwa tatu. Mkewe alikata pande la boksi, akaandika kwa herufi kubwa: wa kwanza beti tatu, wa pili beti mbili, wa tatu, ule wa baada ya mahubiri, beti nne zote.

"Unitazame mdomo," akasema, akitamka polepole. "Nimwambie Msusi, yule wa sauti ya kwanza, akae kwenye kigoda changu. Nimfundishe leo leo. Ni vidole tu."

"Msusi?" Mwalimu akatikisa kichwa. "Kichwa gani kimewahi kusukwa pale kwake bila habari? Jumatatu saa tatu mji mzima utakuwa unajua."

"Si mmbea kihivyo."

"Mwezi uliopita nilijua kutoka kwake kwamba nina kisukari. Na sina."

Mama Kurasa alicheka mpaka plasta ikamuuma. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu mumewe alikuwa amekaa ameweka mikono juu ya meza, vidole vimekunjika tayari, anasubiri. Wakaanza. Mkewe aliimba, Mwalimu akapiga mezani huku anahesabu kwa midomo, na kila ubeti ulipokwisha alikunja kidole kimoja cha mguu ndani ya kiatu ili asisahau. Walirudia mara tano. Mara zote tano alimaliza pale pale alipopaswa kumaliza.

"Unaona," akasema. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. "Nitahesabu. Kuanza nitajua, watu wakisimama kuimba sakafu inatikisika. Hakuna haja ya mtu."

Mkewe alivitazama vidole vile juu ya meza, akarudi nyuma miaka mingi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, safu ya sauti ya pili, siku kinanda kilipoletwa na lori kikiwa kimefungwa mablanketi. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba mwenye suruali iliyompwaya. Hakumruhusu mtu yeyote akiguse mpaka alipokifungua mgongo, akapuliza vumbi, akakagua kila kitu ndani kwa tochi. Kisha akawageukia wasichana wa kwaya, akamchagua yeye. "Weka sikio hapa," akamwambia, akionyesha ubao wa nyuma. Akapiga noti moja nene ya chini, ikamwingia msichana mpaka kwenye meno. "Umesikia?" Hakuliondoa sikio. Wenzake walimtania mwezi mzima kwamba kinanda kimemposa, na hawakukosea sana.

Zilikuwa siku nzuri, zile. Walikuwa wakienda kwa miguu kuimba makanisa ya mbali, viatu mkononi ili visichakae, wakifanya mazoezi njiani. Kanisa halikuwa na kipaza sauti wala feni, na watu walikuwa wachache, lakini ukiingia mlangoni ukimkuta Mwalimu anapiga taratibu kabla ya ibada, ulijua umefika nyumbani. Mama Kurasa alizikumbuka siku hizo mara nyingi kuliko alivyosema.

*

Saa nane mchana Mzee Bucha akabisha hodi. Alikuwa mwenye bucha pale sokoni na mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye mikono mikubwa, asiyejua kuongea taratibu. Ni yeye aliyesimama kwenye kikao cha wazee miezi mitatu nyuma na kusema wazi kwamba wakati wa kinanda cha kukanyaga umepita. Cha umeme kikanunuliwa, na sasa kilikuwa ofisini kwa Mchungaji, bado kimo ndani ya boksi lake. Mama Kurasa hakuwa amemsamehe, ingawa kila Jumapili alimpa mkono wa amani.

Alileta mfuko wa mifupa ya supu. Akauweka mezani, akavuta kiti, akakaa mbele ya Mwalimu, karibu mno, akamtazama usoni.

"Pole, Mwalimu," akasema, akitamka neno moja moja, mdomo wazi, kama anaongea na mtoto. "Mama, ataumwa, muda mrefu."

Mama Kurasa aliona damu inamchemka. Miaka yote hiyo ya kujificha, na leo mtu anakuja kumtamkia mumewe silabi nyumbani kwake.

"Mzee, mimi ndiye mgonjwa," akasema kwa ukali. "Ongea na mimi."

Mzee Bucha akageuka, akafuta jasho. "Mama, mimi sina maneno mazuri. Nilikuwa nasema hivi. Cha umeme kipo. Msusi amejifunzafunza, si haba. Kwa hizi wiki sita wewe uko kitandani, Mwalimu naye apumzike. Ukipona, tutaona."

"Kwani mguu wangu ndio unaopiga kinanda?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini basi?"

Mzee Bucha akavitazama viganja vyake. Mwalimu, aliyekuwa hajaacha kumkodolea midomo, alikuwa amelidaka neno moja tu, na lilikuwa lile aliloliogopa kuliko yote.

"Apumzike nani?" akauliza. Sauti yake ilitoka kubwa kupita kiasi. "Nimekipiga kinanda kile tangu wewe hujaota ndevu. Kesho nitakuwa pale saa tatu kasorobo."

"Sawa, Mwalimu."

"Saa tatu kasorobo."

"Nimesikia, Mwalimu. Mungu awe nawe." Akasimama. Mlangoni aligeuka, akamtazama Mama Kurasa, kisha akatoka.

Mifupa ilichemshwa jioni ile, maana njaa haina kinyongo, na supu ilikuwa nzuri. Mama Kurasa alikunywa huku moyo wake umejaa hasira na hofu, akashindwa kusema hata neno la shukrani kabla ya kula. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Mwalimu, ambaye siku zote alisubiri kuona midomo yake inaacha kutikisika ndipo achukue kijiko, alisubiri sana.

*

Nyumba yao ilipakana na kanisa. Kati ya dirisha la chumba na ukuta wa kanisa kulikuwa na ua mwembamba na kamba ya nguo, basi. Jumapili asubuhi Mwalimu alivaa koti lake la kijivu, mkewe akamfunga tai akiwa amelala, akamsafisha bega kwa kiganja. Pande la boksi lilikuwa limekunjwa ndani ya kitabu cha nota. Msusi alikuja na maji ya moto, akamwogesha mgonjwa, akamweka mto mgongoni, akafungua dirisha bila kuombwa.

"Shikamoo nyingi umeletewa, mama," akasema. "Utatusikia vizuri hapa."

"Marahaba, mwanangu. Imbeni vizuri."

Alibaki peke yake. Alisikia viatu, salamu, benchi zinavutwa, kisha kinanda. Mwalimu alianza wimbo wa kwanza sawasawa na watu wakampokea. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kimya. Mama Kurasa alishusha pumzi. Wimbo wa pili nao ukaenda, ingawa ubeti wa mwisho watu walikokota na kinanda kikawatangulia kidogo, jambo ambalo mgeni asingeligundua.

Mahubiri yalikuwa marefu. Mchungaji alihubiri juu ya tumaini, akawaombea wagonjwa, akamtaja Mama Kurasa, akaeleza mguu ulivyovunjika kwa kirefu kuliko daktari mwenyewe. Ndipo kipaza sauti kikasema maneno yaliyomfanya Mama Kurasa ainuke kwenye mto.

"Wapendwa, muda umetutupa mkono. Katika wimbo wetu wa tatu tutaimba beti mbili tu, kisha tukae kwa matangazo."

"La," akasema Mama Kurasa. "La, la, Mchungaji, zote nne." Alizungumza na dirisha. Alijaribu kuushusha mguu, ukagoma kama gogo, maumivu yakampanda mpaka kiunoni akarudi chini analia. Ng'ambo ya ua kinanda kilikuwa kimekwisha kuanza.

Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Watu wakanyamaza, benchi zikalia wanapokaa. Na kinanda kikaendelea.

Kiliendelea peke yake, kwa uhakika wote, kikiwapigia watu waliokwisha kukaa. Mama Kurasa aliuma shuka. Alimwona kama vile yuko pale: mgongo wa koti la kijivu, kichwa kimeinama, miguu inakanyaga, naye hajui. Alisubiri kicheko. Alisubiri Mchungaji akohoe kwenye kipaza sauti. Miaka minne ya kuficha ilikuwa inamwagika mchana kweupe na yeye amelala chali umbali wa kamba ya nguo. "Bwana, siombi masikio," akasema. "Mtie mtu huruma tu."

Ikapanda sauti moja. Ilikuwa ya Msusi, sauti ya kwanza, juu kidogo kama kawaida yake, imeudaka ubeti wa tatu katikati ya mstari. Kisha sauti ya pili, zile za akina mama wenzake. Benchi zikalia tena, watu wanasimama, na besi za akina baba zikaingia kwa kishindo. Kanisa zima likaimba ubeti wa tatu, likaimba wa nne.

Hapo ndipo Mwalimu alipopaswa kumaliza. Hakumaliza. Kinanda kiliingia ubeti wa tano, na wimbo ule hauna ubeti wa tano. Pakapita pumzi moja ya kutojua, halafu watu wakarudi mwanzo, wakaimba wa kwanza upya, kana kwamba ndivyo walivyopanga. Wakaimba wa pili. Mwalimu alikuwa amepotea kabisa sasa, alizunguka ndani ya wimbo bila kuona mlango, na watu walizunguka naye. Mama Kurasa, bila kufikiri, alinyoosha mkono wake wa kulia akabonyeza vidole viwili ukutani. Akabonyeza kwa nguvu zote mpaka kucha zikawa nyeupe.

Ubeti wa tatu ulipokaribia mwisho kinanda kikapunguza mwendo, kikashuka vizuri, kikatua kwenye noti nene ya mwisho, kikaishikilia mpaka upepo ukaisha. Watu wakasema amina.

Alibaki ameshika ukuta. Muujiza angeuamini, alikuwa mwanamke wa imani. Lakini alimjua mumewe, na alijua kwamba Mwalimu akishapotea hatui namna ile isipokuwa mtu amemgusa mgongoni.

*

Mwalimu alirudi kabla ya wote. Alikaa ukingoni mwa kitanda na koti lake, akamtazama mkewe usoni.

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Niliapa."

"Nilikuwa nahesabu vizuri," akasema. "Baada ya ubeti wa pili sakafu ikatikisika, watu wanakaa. Nikajiuliza wanakaa kwa nini. Halafu ikatikisika tena, wanasimama. Hesabu ikanitoka. Nikaogopa kuacha, nikaogopa kuendelea. Mama, nilitaka kufa pale kwenye kiti." Akapeleka mkono nyuma ya bega. "Ndipo mtu akanibonyeza. Vidole viwili, mahali pako pale pale."

"Nani?"

"Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nitakuta si wewe."

Mkewe akamshika mkono. Wakakaa hivyo mpaka mlango ulipogongwa, akaingia Msusi, na nyuma yake Mzee Bucha, suti imembana, kofia mkononi. Alibaki amesimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kushitakiwa.

"Mama," akasema, "nilibonyeza sawasawa?"

Mama Kurasa akaitazama mikono ile mikubwa.

"Viwili ni kumaliza, siyo? Kimoja ni kuanza. Nilichelewa kwa sababu niliogopa kumshtua. Mkono wangu mzito huu, nakata nao mifupa."

"Umejua tangu lini?"

"Nakaa benchi la pili nyuma yenu, mama. Miaka minne sina cha kutazama ila mgongo wa mumeo." Alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Jana nilikuja kusema hilo hilo. Kwamba wewe hutakuwepo, na nilikuwa nimemwonea huruma asije akaumbuka. Nikasema ovyo kama kawaida yangu. Na kile cha umeme nilikitaka kwa ajili hiyo hiyo, mtu apate kustaafu kwa heshima kabla hajafedheheka."

Mama Kurasa alikumbuka jinsi Mzee Bucha alivyokaa mbele ya Mwalimu, karibu, akitamka neno moja moja. Aliona haya, na safari hii yalikuwa haya ya haki.

"Na wewe?" akamgeukia Msusi.

"Mama, sisi kwaya wote tunaangalia kidole chako. Ukikibonyeza tu, tunavuta pumzi." Msusi alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga. "Siku mafua yalipokubana ukachelewa kubonyeza, na sisi tulichelewa kuanza. Hukuona?"

"Na hukumwambia mtu? Wewe?"

"Ningemwambia nani, mama? Kila aliyekaa kwenye kiti changu alikuwa ananiambia mimi. Tukakubaliana tu tunyamaze. Tulidhani mkijua kwamba tunajua, mtaona aibu, Mwalimu ataacha."

Mwalimu alikuwa amehamisha macho kutoka mdomo mmoja hadi mwingine na alikuwa ameachwa nyuma. "Wanasema nini?" akauliza.

Mkewe akamgeuza uso kwa mikono yake miwili, akasema polepole ili asipoteze hata neno, "Wanasema walijua. Wote. Miaka yote."

Mwalimu aliwatazama wale wawili mlangoni, akaitazama dari, kisha mabega yakaanza kutikisika na mkewe hakujua kama analia au anacheka, hata alipomwona usoni hakujua. "Miaka minne," akasema, "nimejificha mbele ya watu mia mbili." Akatoa leso. "Jumapili ijayo nitasimama niwaambie mwenyewe. Kwa mdomo wangu. Halafu waamue."

"Cha umeme kitabaki kwenye boksi lake," akasema Mzee Bucha, akikumbuka kumtazama usoni, na Mwalimu safari hii hakukasirika. "Siku utakayochoka mwenyewe, utamkabidhi Msusi. Mpaka mama apone, kile kigoda nitakikalia mimi. Kama kitanibeba."

*

Walipoondoka nyumba ikatulia, jua la mchana likaingia mpaka miguuni pa kitanda. Mwalimu alivua koti, akakaa tena pale ukingoni, safari hii akimpa mkewe mgongo, kama anavyokaa kanisani. Aligeuza kichwa nusu ili aone midomo yake.

"Waliimba kweli? Zile beti nilizozidisha?"

"Waliimba zote."

"Vizuri?"

"Sauti ya kwanza walipanda mno."

"Siku zote wanapanda mno. Tangu enzi za lori. Niimbie walivyoimba."

"Mwalimu, hutasikia."

Mwalimu aliegemea nyuma taratibu, akijihadhari na plasta, mpaka mgongo wake ukakaa kifuani kwa mkewe na kichwa chake chini ya kidevu chake. Mkewe akaelewa. Alikumbuka ubao wa nyuma wa kinanda, blanketi za lori, noti nene ikimwingia mpaka kwenye meno. Akaweka kidole kimoja begani kwake, akaanza kuimba, chini kabisa, sauti ya kifuani. Alimsikia Mwalimu anatulia, na pumzi zake zinafuata. Katika ubeti wa pili mkono wake ulianza kutembea, vidole vikaipata plasta ngumu juu ya goti la mkewe, vikaupiga wimbo pale, kila noti mahali pake.

Ubeti wa nne ulipofika mwisho, Mama Kurasa aliinua vidole viwili, akavitazama. Akavishusha kando, juu ya shuka, akaanza tena ubeti wa kwanza.